Saa Mia Moja za Kuijua China: Darasa, Kitabu au Karai?

Tuseme una saa nne kila wiki kwa miezi sita. Ukizijumlisha ni saa 104. Nauli ya kwenda Beijing huna, na hata ungekuwa nayo bosi hatakupa likizo. Unataka kuijua China ukiwa hapohapo ulipo, iwe Tandika, Likoni, Bujumbura au Muscat. Saa hizo uziweke wapi? Darasani ujifunze lugha, kwenye vitabu, au jikoni?

Nimeingia kwa milango yote mitatu, tena kwa mpangilio mbovu. Nilianza na riwaya nene, nikakwama sura za mwanzo kwa sababu sikujua nani ni nani. Nikahamia kwenye programu ya simu, nikakusanya pointi na mataji huku siwezi hata kuomba maji ya kunywa. Jikoni niliingia mwisho, na huko ndiko vipande vya mwanzo vilipoanza kushikana. Nakuambia mapema ujue mizani yangu inaelemea wapi.

Kipimo changu si bei wala muda. Ninauliza: mlango huu unanilazimisha kumpitia Mwingereza kiasi gani? Vifaa vingi vya kujifunzia Kichina tunavyovipata vimeandikwa kwa ajili ya mtu anayefikiri kwa Kiingereza. Vinamtuliza kwa mambo ambayo sisi tumezaliwa nayo, kisha vinapita mbio pale ambapo sisi tungehitaji kushikwa mkono.

Darasa

Mlango mgumu uwe wa kwanza. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, inayowafundisha lugha wanadiplomasia wake, inakadiria saa 2,200 za darasani kwa Kichina sanifu, na kati ya 800 na 900 kwa Kiswahili. Kwa hesabu hiyo saa zako mia ni chini ya sehemu moja ya ishirini. Usitishike. Makadirio hayo ni ya msemaji wa Kiingereza, na shabaha yao ni kujadili mikataba, si kuagiza supu.

Kinachotisha kweli ni toni. Kichina sanifu, Putonghua, kina nne na moja hafifu. Silabi *ma* ukiiweka juu ikabaki juu ni mama. Ukiipandisha kama unayeuliza ni katani. Ukiishusha chini kisha ukaiinua ni farasi. Ukiiangusha kwa nguvu ni kutukana. Mfano huo umo katika kila kitabu. Ulioniuma mimi ni mwingine: *mǎi* ni kununua, *mài* ni kuuza. Niliwahi kusimama mbele ya kaunta Kariakoo nikamweleza Mchina mwenye duka, kwa kujiamini kabisa, kwamba nataka kumuuzia kikaango chake mwenyewe. Alicheka mpaka akanipunguzia bei, kwa hiyo sina kinyongo.

Kiswahili hakina toni, lakini ndugu zake wengi wanazo. Kikuyu, Kihaya, Kiganda, Kinyarwanda, Kirundi, Kiluba: huko sauti ikipanda au ikishuka, neno linaweza kugeuka maana. Toni zao si sawa na za Kichina moja kwa moja, ila sikio lililolelewa na bibi wa Bukoba limeshazoea mchezo wenyewe. Hili sijaliona katika kitabu chochote cha kujifunzia nilichowahi kukishika. Kama nyumbani kwenu mnaongea lugha ya namna hiyo, darasa litakulipa haraka kuliko lilivyonilipa mimi mtu wa pwani, niliyehitaji majuma sita kutofautisha toni ya pili na ya tatu.

Kisha kuna zawadi ambazo hakuna mwalimu atakayekuonyesha, kwa kuwa mtaala haukumfikiria Mswahili. Kuuliza "unakula nini?" Mchina husema *nǐ chī shénme*, yaani wewe, kula, nini. Neno la kuuliza linabaki mwishoni palepale tunapoliweka sisi. Mwingereza hulivuta mbele, basi kitabu chake kinatumia nafasi kubwa kumwambia aache. *Tā* ni yeye, awe mwanamume au mwanamke. Tofauti ipo kwenye kuandika tu. Na kuhesabu: huwezi kusema "samaki mmoja" hivihivi, lazima uingize katikati neno la kundi lake, *yì tiáo yú*. Hilo *tiáo* huenda na vitu virefu: samaki, mto, barabara, nyoka, hata suruali. Wenzetu hulia hapo. Sisi tuliokua na mti mmoja, kiti kimoja, jiwe moja, tunaona ni ngeli tu zimevaa kanzu nyingine.

Bora kuliko yote ni ukoo. *Bóbo* ni baba mkubwa. *Shūshu* ni baba mdogo. *Jiùjiu* ni mjomba, *gūgu* ni shangazi, na *yí* ni dada au mdogo wa mama. Ile programu yangu ya simu ilinifundisha baba mkubwa, baba mdogo na mjomba kwa neno moja la Kiingereza, kisha ikaninyang'anya pointi nilipochanganya. Nikaifuta siku hiyohiyo.

Kuhusu mahali pa kusoma: Taasisi ya Confucius ya kwanza Afrika ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata yake 2013. Faida yake kubwa ni walimu wanaotoka China, maana toni husahihishwa na sikio la mtu. Ni taasisi zinazoungwa mkono na serikali ya China, kwa hiyo utapata kaligrafia, taiji na sanaa ya kukata karatasi. Mjadala wa siasa utautafuta kwingine. Aliye mbali na chuo apakue kamusi ya Pleco, ambayo hufanya kazi hata bila intaneti, na amtafute mtu wa kuongea naye. Programu za michezo na mataji ni za kusubiria daladala.

Ukitaka cheti, mtihani ni HSK. Katika mpangilio uliozoeleka wa ngazi sita, ya kwanza inataka maneno 150, ya pili 300, ya tatu 600, ya nne 1,200. Mwaka 2021 vilitoka vigezo vipya vya ngazi tisa, ambamo ngazi ya kwanza peke yake ilipewa maneno 500. Ukinunua kitabu cha mtumba, kiangalie kimeandikiwa mpangilio upi. Kwa saa mia ningelenga yale 300 ya zamani, na ningeyalenga kwa mdomo kabla ya kalamu.

Maswali mawili huulizwa sana, na majibu yake ni mafupi. Herufi zilizorahisishwa au za jadi? Zilizorahisishwa, zilizoanza kutangazwa 1956, ndizo za China bara na Singapore. Za jadi ni za Taiwan, Hong Kong na Macau. Chukua zilizorahisishwa, ila kama una mtu wako Taipei. Kikantoni je, kwa wanaofuata mzigo Guangzhou? Ndiyo lugha ya wenyeji wa mji, lakini sokoni Putonghua inakutosha.

Kitabu

Kwa anayependa kusoma huu ndio mlango wa bei nafuu, na ndio unaompitia Mwingereza kuliko yote. Vilivyotafsiriwa kwa Kiswahili ni vichache. Beijing ilichapa vitabu vya Kiswahili tangu miaka ya 1960, vikiwemo vya Mao, lakini hivyo ni vya siasa ya wakati ule, na mtu anayetaka kujua Wachina wanavyoishi, kugombana na kupendana havitamshibisha.

Kila orodha itakupeleka kwenye riwaya nne kuu za zamani. Mbili nimepambana nazo. *Xīyóu jì*, Safari ya Magharibi, ilichapwa 1592 na ina sura 100. Mtawa anakwenda India kufuata maandiko ya Kibuddha, akilindwa na tumbili Sun Wukong anayejua kujigeuza kwa namna 72. Mtawa mwenyewe alikuwapo kweli: Xuanzang aliondoka mwaka 629, akarudi 645. Aliyelelewa kwa ngano za Sungura atamtambua tumbili huyu papo hapo, mjanja, mroho, asiyeheshimu mkubwa yeyote. Tafsiri kamili ya Anthony Yu ni majuzuu manne. Ya Arthur Waley ya 1942, iitwayo *Monkey*, imechagua sura thelathini tu. Chukua ya Waley, na usimsikilize atakayekuambia umedanganya.

Ya pili ni *Hónglóu mèng*, Ndoto ya Jumba Jekundu, ya Cao Xueqin wa karne ya 18. Hii ndiyo iliyonishinda mara ya kwanza. Tafsiri mashuhuri ya David Hawkes na John Minford ni majuzuu matano, na ndani yake jumba zima limejaa ndugu, wajakazi na mabibi, wote wakiitana kwa maneno ya Kiingereza ambayo hayatofautishi kitu. Kijana Baoyu yuko kati ya wasichana wawili. Daiyu ni mtoto wa shangazi yake, dada wa baba. Baochai ni mtoto wa mama yake mdogo. Kwa Kiingereza wote wana jina moja. Hata Kichina kinawaweka fungu moja, *biǎo*, tofauti na *táng*, watoto wa baba mkubwa na baba mdogo. Sasa soma kwa masikio ya kwetu: Daiyu ni binamu, mtu wa utani, na utani una njia zake. Baochai ni mtoto wa mama mdogo, na nyumba nyingi za bara zingemwambia kijana huyo dada yako, tulia. Nilichukua karatasi nikachora ukoo wote kwa majina yetu, baba mkubwa huku, mjomba kule, na riwaya ikafunguka. Lakini saa mia haziitoshi, itakula zote na kudai nyingine.

Kwa saa mia ningekupeleka kwa Lu Xun. Hadithi zake ni fupi, nyingine za kurasa chache, na ndizo zilizofungua fasihi mpya ya Kichina cha watu wa kawaida. Anza na Kong Yiji ya 1919. Ni baa ndogo ya mji wa Luzhen. Vibarua, waliovaa makoti mafupi, hunywa wamesimama kaunta. Wenye kanzu ndefu, yaani wasomi na wenye uwezo, huketi chumba cha ndani. Kong Yiji ndiye pekee mwenye kanzu ndefu anayenywa amesimama. Amesoma maisha yake yote, mitihani haikumpokea, kanzu ni chafu, anaiba vitabu na kupigwa. Anaagiza pombe ya moto na sahani ya maharage yaliyotiwa viungo. Siku moja anamwita kijana mhudumu amfundishe kuandika herufi *huí* iliyo katika jina la yale maharage, halafu anamuuliza kama anajua kwamba ina namna nne za kuandikwa. Kijana anakunja uso na kuondoka. Watoto wakimzunguka anawagawia harage mojamoja. Baadaye anapotoweka, mwenye baa anamkumbuka kwa sababu moja: anadaiwa sarafu kumi na tisa.

Nikijikuta najisifu kwa idadi ya herufi nilizokariri, namkumbuka yeye. Na ndiyo sababu nilisema mdomo kabla ya kalamu.

Mashairi yanapaswa kuwavuta Waswahili kuliko riwaya, na sijui kwa nini hatuambiani. Chukua lile la Li Bai (701–762) la mwanga wa mwezi mbele ya kitanda, ambalo watoto wa China hukariri wadogo. Ni ubeti mmoja wa mistari minne, kila mstari silabi tano, jumla herufi 20. Vina viko mstari wa kwanza, wa pili na wa nne: *guāng*, *shuāng*, *xiāng*. Wa tatu umeachwa huru. Mtu wa tarbia, aliyezoea kuona mstari wa mwisho ndio unaojitoa, atataka kubishana na Li Bai, na ubishi huo ni mwanzo mzuri. Likariri kwa jioni mbili, kwa toni zake. Halihitaji Mwingereza.

Wa siku hizi wapo, Mo Yan aliyepata Nobeli 2012, Liu Cixin wa hadithi za sayansi aliyepata tuzo ya Hugo 2015. Wasome ukishapata hamu. Si pa kuanzia.

Karai

Hapa Mwingereza hana kazi kabisa. Karai unalo. Nyanya, mayai, kitunguu majani, tangawizi, kitunguu saumu: genge la mtaani linatosha, ubakishe sosi ya soya na siki tu ya kutafuta dukani.

Chakula cha kwanza ni *xīhóngshì chǎo jīdàn*, nyanya na mayai, ambacho Wachina wengi hukitaja kama kitu cha kwanza walichofundishwa kupika nyumbani. Piga mayai matatu, yakaange kwa moto mkali sekunde chache, yatoe yakiwa bado laini. Weka nyanya zilizokatwa, chumvi, sukari kidogo, ziachie maji yake, kisha rudisha mayai na umalizie kwa kitunguu majani. Kula na wali. Dakika kumi. Sasa tazama jina ulilojifunza. *Xī* ni magharibi, *hóng* ni nyekundu, nyanya inakiri yenyewe kwamba ni mgeni. *Chǎo* ni kukaanga kwa haraka. *Jī* ni kuku, *jīdàn* ni yai la kuku. Umepata maneno matano na umeshiba.

Ndipo nilipogundua kwamba menyu ndiyo kitabu cha kwanza cha herufi. Tazama 炒 *chǎo*, kukaanga. 烤 *kǎo*, kuchoma. 炸 *zhá*, kukaanga kwa mafuta mengi. 炖 *dùn*, kutokosa polepole. Zote zina kitu kilekile upande wa kushoto: ni 火, moto. Katika 煮 *zhǔ*, kuchemsha, na 蒸 *zhēng*, kupika kwa mvuke, moto uko chini kama nukta nne, kama makaa chini ya sufuria. Ukiongeza 鸡 kuku, 牛 ng'ombe, 鱼 samaki na 羊, ambayo ni kondoo na mbuzi pamoja, unasoma nusu ya menyu bila kujua sarufi. Kwa asiyekula nguruwe kuna tahadhari moja: nguruwe ni 猪, lakini 肉 *ròu*, nyama, ikiandikwa peke yake kwa kawaida nayo ni nguruwe.

Herufi mbili za kuzitafuta ni 清真, *qīngzhēn*, "safi na kweli", yaani halali. Zimo katika migahawa ya Wahui, Waislamu wa China, na hapo ndipo mtu wa Mombasa au Zanzibar atajisikia nyumbani kuliko alivyotarajia. Tambi za Lanzhou huvutwa kwa mkono mpaka zinakuwa nyuzi, na wenyewe wana kanuni ya rangi tano: mchuzi mwangavu kama maji, figili nyeupe, mafuta ya pilipili mekundu, majani mabichi, tambi za manjano. Ukienda magharibi zaidi, Xinjiang, kwa Wauighur, unakuta *polo*: wali uliopikwa na nyama ya kondoo, vitunguu na karoti. Ni pilau, neno lilelile lililosafiri nchi kavu huku letu likisafiri na jahazi. Wana *samsa*, yaani sambusa, ambayo huioka tanurini badala ya kuikaanga, na mishikaki ya kondoo yenye bizari nyembamba na pilipili. Hata chai tunayowakaribishia wageni imetokana na *chá*.

Upishi wa jimbo la Sichuan au wa jimbo la Guangdong? Watu huuliza kana kwamba ndio uchaguzi wenyewe. Sichuan kuna pilipili, iliyofika China kutoka Amerika kama ilivyofika kwetu, pamoja na *huājiāo* inayotia ganzi ulimi; Guangdong ni mvuke, samaki na ladha isiyofunikwa. Anayependa pilipili kali aende Sichuan, mla samaki wa pwani aende Guangdong, basi.

Udhaifu wa mlango huu ni kwamba unaweza kukaa jikoni miaka kumi, ukanenepa, na usijue Wachina wanafikiri nini. Karai halikusimulii kisa cha Kong Yiji. Na chakula cha mgahawa mjini mara nyingi kimepunguzwa makali kwa ajili yetu, kwa hiyo mgahawa peke yake siuhesabu kama mlango.

Ningezigawa hivi

Kama una safari ya kibiashara mwaka huu, puuza mapendeleo yangu: saa zote mia ziende kwa mwalimu, na siku ya kwanza mwambie akufundishe *mǎi* na *mài*. Kama hutaki kabisa kusema lugha na unachotaka ni kuwaelewa watu, nenda vitabuni, Lu Xun kwanza, Waley wa pili, na karatasi ya ukoo pembeni. Mwanafunzi anayewinda ufadhili wa masomo hana hiari, cheti cha HSK kitamdai.

Wengine wote, yaani mtu wa udadisi tu asiye na haraka, ningewapa saa 40 jikoni wakipika sahani kumi na kuandika jina la kila moja kwa mkono. Saa 45 za kusema na mtu, bila kugusa herufi nje ya menyu. Na 15 za Lu Xun na Li Bai, shairi likisomwa kwa sauti. Saa nne zinazobaki ni za *polo*. Inataka moto mdogo, kondoo mwenye mafuta, na wageni wasiopungua sita.